Eda ya Dada Zaituna

Rukia alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nanyoa ndevu, povu limebaki shavu moja. "Mjomba," akasema, "mama katutoka. Alfajiri hii." Nikaitika innalillahi kama inavyotakiwa, nikamuuliza maziko saa ngapi, nikakata simu, kisha nikaendelea kunyoa maana sikujua la kufanya jingine. Baadaye nililia sana, msinidhanie vibaya. Lakini la kwanza lililonijia, na nalisema kwa sababu nimechoka kuficha, ni kwamba nilishusha pumzi. Kwa miaka arobaini na kitu nilikuwa na neno moja la kumwambia mwanamke yule, Zaituna. Kila nikienda kwake Palma na kilo ya sukari mkononi nilikuwa nikijiambia leo ndiyo leo, leo nasema. Nikala wali wake, nikanywa chai yake, nikacheka na watoto wake, nikarudi nalo vilevile. Asubuhi ile nikadhani neno litazikwa naye, nami nitapumzika. Mpumbavu mie, na uzee huu.

Sitawachosha na habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani na nani alihamia lini. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, wa nne wa vita vya kuwatoa Wareno, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili na kiburi cha kunitosha maisha mazima. Asubuhi nilikuwa mkwanguaji wa chumvi. Mashamba ya chumvi yalikuwa nyuma ya mikoko ya kijiji chetu, kaskazini ya Mosimboa, njia ya kwendea Palma: majaruba mapana, maji ya bahari yanaingizwa wakati wa bamvua, jua linayakausha, kisha sisi tunaingia na reki za mbao kuivuta chumvi na kuirundika. Tulianza kukipambazuka na kuacha saa tano, kwa sababu baada ya hapo mng'ao wa ile chumvi unayachoma macho hata ukiyafumba. Nyayo zilipasuka, na kila ufa chumvi iliujua ulipo. Mwenzangu wa jaruba alikuwa Shabani, kijana mrefu mwenye maneno mengi, ndugu yake Zaituna wa tumbo moja. Juu yetu alikuwapo Mfaume, msimamizi, tuliyemwita Kapitau; mtu wa makamo, mkavu, asiyecheka, ambaye alihesabu magunia kama mtu anayehesabu vidole vyake. Tulimwogopa, na nyuma ya mgongo wake tulimwiga anavyotembea.

Mchana nilikuwa askari. Si askari kamili, la. Askari wa kujitolea. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya sala nilioga, nikavaa shati la kaki na kitambaa cha kijani mkononi, nikaenda kuchukua bunduki na daftari kwenye ofisi ya mkuu wa posto, yaani kituo cha serikali, Mreno tuliyemwita Shefe, kisha nikakaa kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Nhica mpaka magharibi. Kila apitaye alinionyesha barua ya ruhusa ya safari, nami nikaandika jina lake, alichobeba, aendako, na siku aliyorudi. Vijana wakiniuliza siku hizi kwa nini nilijitolea huwa nasema tulilazimishwa. Uongo mtupu. Waliolazimishwa walikuwapo, mie sikuwa mmoja wao. Ni kweli mwenye mashamba alituambia kuwa anayejitolea hatachukuliwa shibalo, ile kazi ya nguvu ya kuchimba barabara, na hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ilikuwa viatu. Sikuwahi kuwa na viatu vya ngozi, na siku nilipopewa vile vyeusi niliwapitia watu mabarazani mara mbili kwa njia ambayo haikuwa yangu. Kisha nilijua Kireno cha kusoma na kuandika, na Shefe aliponiita "sinyori Abdala" mbele za watu, nilijisikia nimeota pembe. Shabani alinicheka hadharani. "Haya mpisheni," alikuwa akisema jaruba zima lisikie, "mpisheni jenerali wa chumvi!"

Nyumba niliyopanga ilipakana na yao, na chakula cha jioni nilikula kwao, barazani, mie na Shabani na sinia moja. Zaituna hakutoka, alikaa nyuma ya pazia la mlango, lakini sauti yake ilikuwa barazani kuliko sisi. Alikuwa na miaka thelathini hivi na ulimi wa kuchekesha maiti. "Bwana askari, umenawa? Au wataka nikuandikie ruhusa?" Akisikia nimenyamaza alijua mdomo umejaa. "Mwacheni, mwacheni, leo kamkamata papa." Kisamvu chake cha nazi sijakionja tena popote, na papa mkavu alimchoma kwanza juu ya makaa ndipo akamtia mchuzini, nyumba nzima ikanukia. Mumewe, Salimu, alikuwa hayupo mwaka wa tatu. Kwenye kitabu cha Shefe iliandikwa yuko Tanganyika, kazini. Kijiji kizima kilijua kazi gani, na hapakuwa na aliyeitaja. Ng'ambo ya mto Rovuma ndiko walikokwenda vijana wote waliokwenda, nao walirudi na bunduki kupitia porini, upande wa Mbau, ambako usiende na shughuli zako za kawaida.

Nami nilijua zaidi ya wenzangu, maana mara tatu mwaka ule Shabani alipita kizuizini kwangu na gunia la chumvi kichwani, ruhusa mkononi, akisema anakwenda Nhica kwa shangazi kubadilisha chumvi na mtama. Shangazi gani anayekula chumvi gunia zima? Kule porini watu walikuwa wakichoma majani na kutia majivu kwenye mboga, nilikuwa nimesikia. Nikimwona anakuja nilikuwa naandika "chumvi kidogo, ya nyumbani," namrudishia karatasi yake, naye ananikonyeza. Nilijiona mjanja mno. Mchana nakula heshima ya Shefe, jioni nakula kisamvu cha watu wa upande wa pili, na pande zote wananipenda. Nasema kweli, sikuwahi kufikiri kwamba yale niliyoyaandika mle mtu atakuja kuyasoma.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa Rajabu, siku ya mvua, barabara tupu, Shabani akarudi kutoka Nhica mikono mitupu. Alikuwa amelowa na uso umemshuka. Nikamuuliza, "Vipi huko?" Akasema, "Matope." Nikaandika jina lake, kwamba amerudi, hana mzigo, saa tisa. Siku nzima ile sikuandika jina lingine. Ijumaa nikaenda kula kama kawaida. Sinia akalileta Bi Atija, shangazi yao mtu mzima aliyekaa nao, na nyuma ya pazia kimya. Hapakuwa na harufu ya udi, na Ijumaa kwao haikupita bila udi. Kambani zilianikwa nguo nyeupe tupu. Nikauliza, "Dada hajambo?" Shabani akatafuna tonge lile mpaka nikadhani ni jiwe. "Ana homa," akasema. Ndani nikamsikia Bi Atija akinong'ona, "Usiguse wanja, mwanangu. Mpaka zitimie." Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa. Nikaweka tonge chini. Shabani akanitazama, akajua nimejua.

"Salimu," akasema polepole. "Siku kumi nyuma, huko huko. Mguu ulioza. Wamemwosha na kumsalia, wamemzika vizuri."

"Nani kakwambia?"

"Wale ninaowapelekea. Abdala, hatukuweka matanga. Hatukulia. Dada kajifungia, analia ndani ya mto wa kulalia. Ikijulikana kafa, watauliza habari ilikuja na nani. Umenielewa?"

"Mie nimwambie nani?" nikasema, na nilikuwa na hakika kabisa.

Mwanamke aliyefiwa na mume, kwetu, hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai rangi, hapaki wanja wala hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura kubwa, na mwanamume wa nje hamwoni. Hata mwizi wa kwetu akijua nyumba ina mwenye eda hupita mbali. Zaituna alikaa eda yake kwa siri, kama mtu aliyeiba kitu. Lakini kila Jumamosi alasiri Shefe aliweka meza uwanjani na kuwaita watu majina, wanaume kwa wanawake, ili ajue nani amekimbilia porini. Jumamosi ya kwanza Zaituna hakutokea, Bi Atija akasema ni homa. Jumamosi ya pili vilevile. Shefe akafunga kitabu, akatangaza: wagonjwa wote wasiokuja watatembelewa Jumanne na daktari msaidizi atakayetoka Mosimboa, na atakayekutwa mzima, nyumba yake itabomolewa na jamaa zake watahamishiwa kambi ya seng'enge. Nilimwona Shabani upande wa pili wa uwanja. Alikuwa amekodoa macho ardhini.

Jumatatu asubuhi nzima nilivuta reki bila kusema. Shabani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watamtia dada majani ya moto kwapani mwili upate joto, daktari akimgusa adhani ni homa. Mwanamume amguse mwenye eda! Niliona vibaya mno. Nikamwambia, "Nyie acheni. Niachieni mie." Akaniuliza nitafanya nini, nikatabasamu tu, maana nilitaka kuwashangaza. Hapo ndipo palipo kosa langu, na nimelizungusha kichwani miaka yote hii nikitafuta mlango wa kutokea. Idi Kubwa iliyopita Shefe alikuja msikitini, akavua viatu kwa adabu, akaleta tende na sukari, akasema serikali ni rafiki wa Waislamu. Nilikuwa nimetafsiri mimi maneno yale, nami nikayaamini kuliko waliotafsiriwa. Nilidhani heshima ya eda inajulikana ulimwengu mzima, kwamba ukishaitaja, mtu yeyote aliyezaliwa na mama atarudi nyuma hatua moja. Sikudhani kuna mtu atakayesikia neno eda akasikia jambo jingine.

Nje ya ofisi, kwenye benchi chini ya dirisha, nilimkuta Mfaume anangoja mhuri wa magunia. Nilimwamkia shikamoo nikapita. Ndani kulikuwa na sakafu nyekundu iliyopigwa nta, picha ya mkubwa wao ukutani, chupa ya maji na glasi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Shefe alikuwa anakula papai kwa kijiko. Nikasimama vizuri, nikasema nimekuja kwa ajili ya jirani yangu Zaituna, haumwi, sinyori, ila sheria ya dini yetu haimruhusu kutoka wala kuonwa na daktari, yuko edani.

"Eda ni nini?"

Yarabi! Nilimfundisha. Nilisimama mbele ya mtu yule kama mwalimu wa madrasa, nikamweleza nguo nyeupe, nikamweleza wanja, nikamweleza miezi na siku, naye akaacha papai akanisikiliza kwa makini ambayo hakuna Mreno aliyewahi kunipa.

"Kwa hiyo mumewe amekufa," akasema.

"Ndiyo, sinyori. Mungu amrehemu."

"Pole yake. Na sasa niambie, siku hizo zimeanza lini? Nisije nikamsumbua kabla hazijakwisha."

Ni adabu yake iliyoniponza. Nikahesabu kwa vidole. "Kufa alikufa mwanzo wa Rajabu. Lakini habari zilimfikia baadaye, wiki ya juzi, Jumatano."

"Jumatano," akasema.

"Jumatano alasiri, sinyori."

Akachukua karatasi, akaandika kwamba nyumba ya mjane yule isiingiwe na mtu yeyote mpaka tarehe fulani, akapiga mhuri, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akasema daftari la kizuizini nimwachie, leo nitumie karatasi. Nikamwachia. Nikatoka nikiwa nusu natembea nusu naruka. Mfaume alikuwa amesimama, hakukaa tena. Dirisha lilikuwa wazi, na alijua Kireno kuliko mie.

"Umesema nini humo, Abdala?"

"Nimemsitiri dada wa watu, Kapitau."

"Nakuuliza umesema nini?"

Nikaudhika. Mtu mzima, jambo la wanawake linamhusu nini? "Hayakuhusu, Kapitau," nikamjibu, kijana mdogo mie, na viatu vyangu. Akaondoka haraka kuelekea mashambani, hata mhuri wake hakuungoja. Baadaye nilijua kwamba alikwenda kumtafuta Shabani amwambie akimbie, asimpate. Shabani alikuwa kwa kinyozi upande wa pili wa kijiji, na baada ya magharibi kutembea kulikuwa marufuku. Nilichofanya mie ni kupeleka karatasi yangu. Bi Atija aliishika kwa ncha za vidole; Kireno chake hawakuweza kukisoma, nami nilisema tu Shefe amekubali dada asisumbuliwe. Na nyuma ya pazia, baada ya wiki mbili za kimya, nikaisikia sauti ya Zaituna, imekauka, "Kaka Abdala, Mungu akusitiri nawe kama ulivyonisitiri." Nilikwenda kizuizini kwangu nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote kaskazini.

Jumanne, ndiyo kwanza tumeingia kazini na Kapitau hajafika, gari likaja mpaka kwenye ukingo wa majaruba. Wakashuka askari wanne, nao hawakuuliza Shabani ni yupi, walikwenda moja kwa moja. Alikuwa ameshika reki. Waliiondoa mkononi mwake wakaitupa, ikaanguka mle chumvini, nami nikaitazama ile reki kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Ndipo nikakumbuka. Jumatano ya mvua, jina moja, mwandiko wangu, "amerudi, hana mzigo." Nikashika bega la mtu aliyekuwa karibu. Walipompitisha mbele yangu akasimama, akanambia, "Abdala, mtazame dada. Wewe una kitambaa, watakusikia." Hakunishuku hata kidogo. Bora angenitemea mate. Tukasikia alipelekwa Mosimboa, kisha kwenye gereza la kisiwani huko kusini, na kutoka huko halikurudi lake hata shati. Nilikwenda kwa Shefe siku ya tatu, nikamwomba, nikalia mbele yake. Akanijibu taratibu, "Mjane ameguswa? Nyumba imeingiwa? Mimi neno langu nimelitimiza." Na ni kweli, alilitimiza mpaka siku ya mwisho. Nilivaa kitambaa kile miezi saba mingine. Kukiacha ghafla kungefanya watu wajiulize, na mie nilikuwa muoga.

Watu walijiuliza hata hivyo, ila walimpata mwingine. Mie kuonekana kwenye ofisi ya Shefe halikuwa jambo, nilikuwa naenda kila siku ya pili. Lakini Mfaume alionekana pale Jumatatu, kwenye benchi, kisha akaonekana akitembea haraka uso umemgeuka, na Jumanne kijana akachukuliwa. Tena alikuwa amewahi kumfokea Shabani mbele ya watu juu ya gunia lililopungua. Kufika Ijumaa hapakuwa na mtu aliyetaka ushahidi zaidi. Watu wakaacha kumpa salamu, mkewe akitoka kisimani ndoo yake ikapigwa teke. Nikisikia hayo barazani nilikuwa naangalia sinia. Eda ilipotimia, Zaituna akaoga, akavaa, na safari yake ya kwanza nje ya mlango haikuwa kaburini wala kwa jamaa. Aliniomba nimsindikize kwa Mfaume. Jua lilikuwa kali, nikamshikia mwavuli. Akasimama mlangoni, akaita, na watu wakajaa. "Mfaume," akasema, hakupaza sauti, "damu ya ndugu yangu iko shingoni mwako, na Mungu asikupe usingizi." Mfaume alikuwa ameketi ndani, tulimwona magoti tu. Nami nilikuwa nimeshika mwavuli, nao hautulii, mpaka kivuli kikawa kinamcheza Zaituna usoni, akaniambia kwa upole, "Usiogope, kaka, hatufanyi kitu." Tulirudi, akapika, akanipakulia kwa mkono wake. Nikala.

Vita vilipokwisha na Wareno wakaondoka, watu waliitwa tena uwanja uleule, safari hii waliofanya kazi na Wareno wasimame waseme. Nikasimama nikasema nilikuwa askari wa kujitolea. Wakaanza kuzomea. Zaituna akainuka katikati ya wanawake: "Huyo mwacheni! Huyo ndiye aliyenilindia eda yangu, chumvi ya ndugu yangu ilipita mikononi mwake!" Wakaniacha nikae. Kisha akamnyooshea kidole Mfaume. Mfaume akasimama peke yake, akaulizwa ana la kusema. Akazungusha macho mpaka yakanifikia, yakatulia kwangu, hayana hasira, kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kusema ipite ndipo aseme yeye. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nadhani nilikuwa na muda wa kunywa glasi ya maji. Nikainamisha kichwa. Akasema, "Sina." Wakampeleka kwenye shamba la adhabu huko bara, miaka miwili, akarudi anakohoa. Alipokufa, wachache walimzika. Sikuwa mmoja wao, kwa kuwa Zaituna angeuliza mbona nimekwenda.

Zaituna aliolewa tena, akahamia Palma, akamzaa Rukia na wenzake, akawafundisha kuniita mjomba. Siku ya tatu ya matanga yake, walipokwisha kusoma na watu wakapungua, nilimwita Rukia ndani, nikakaa kwenye kitanda cha mama yake, nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza nyinyi. Sijui nilipata wapi nguvu. Labda ni kwa sababu watu walikuwa wamenikalisha mbele siku zote tatu, wakinitambulisha kuwa huyu ndiye aliyelinda eda ya marehemu. Rukia alisikiliza huku anakunja kanga za mama yake, akaikunja moja mara nne, mara tano. "Mama alijua?" akauliza. Nikasema hakujua. Akaiweka ile kanga kando. "Mjomba, mie leo sina la kukwambia. Nikisema nitakosa adabu. Lakini aliyelaaniwa si wewe. Nenda kwa wenyewe."

Binti yake Mfaume, Bi Fatu, bado anakaa kijijini, nyumba ileile. Nilimkuta uani anachagua mchele kwenye ungo, mama mtu mzima, mvi zinachungulia mtandioni. Alinipa kigoda. Sikuzunguka, nilimwambia, "Mama, aliyemsema Shabani kwa Wareno si baba yako. Ni mimi." Vidole vyake havikusimama. Akatoa chuya, akatupa, akatoa nyingine, akatupa.

"Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Baba. Alituambia mie na mama, si mwingine. Alikusikia dirishani. Alisema ulikuwa wataka kumsitiri mwanamke, hukukusudia."

Nikawa siwezi kukaa wala kusimama. "Sasa kwa nini hakusema? Pale uwanjani, aliulizwa! Mbona hakunitaja?"

Hapo ndipo akaweka ungo chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Alidhani utasema mwenyewe," akasema. "Hata alivyokuwa mgonjwa, kila mtu akibisha hodi, alikuwa akiniambia: Fatu, katazame, labda ni Abdala."